Vyama Vilivyoinusuru Blugrasi

Ada ya wanadamu ni kukumbuka kuhifadhi kitu wakati kimekwisha kuwa kikongwe, wazee wake wamezikwa na vyombo vyake vimetundikwa ukutani. Lakini muziki wa blugrasi, ambao chimbuko lake ni vilima na mabonde ya kusini mwa Marekani, ulipata walinzi ungali kijana, wakati mtu aliyeuasisi yu hai na ana nguvu zake, akisafiri na bendi yake usiku kucha kutafuta riziki. Walinzi hao hawakuwa serikali wala vyuo vikuu, ingawa wanachuoni nao walikuja na kalamu zao. Aghalabu walikuwa makarani, mafundi wa magari, waalimu, wanasheria na wafanyakazi wa viwandani, waliojikusanya katika vyama vidogo vidogo vya mji na wilaya, wakachangishana ada, wakachapa vijarida, wakakodi viwanja na kumbi, hata wakaunusuru muziki ambao wauzaji wa santuri walikuwa karibu kuukatia tamaa.

Mwasisi mwenyewe, Bill Monroe, alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911 karibu na Rosine, kijiji cha jimbo la Kentucky, akiwa kitinda mimba katika watoto wanane. Kaka zake walijitwalia fidla na gitaa, naye akaachiwa mandolini, chombo ambacho nyumbani kwao hakuna aliyekigombea. Mama yake alifariki mwaka 1921 na baba yake mwaka 1928, na yatima huyo akapata hifadhi kwa mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za vijijini, ambaye alimchukua kila alikoalikwa ili amsindikize kwa kucharaza gitaa. Fauka ya mjomba, alikuwako mwalimu wa pili: Arnold Shultz, mtu mweusi, mchimba makaa ya mawe, fundi wa gitaa na fidla, ambaye Monroe alipiga naye katika ngoma za usiku na ambaye hakuacha kumtaja maishani mwake. Kwa mjomba alipata mwendo na nyimbo za kale za Kiskoti na Kiayalandi zilizovuka bahari pamoja na wahamiaji. Kwa Shultz alipata huzuni ya bluzi, ile namna ya kuipinda sauti katikati ya furaha hata msikilizaji asijue kama anachezeshwa au analizwa. Shultz alikufa mwaka 1931 bila hata santuri moja kunasa vidole vyake.

Mwezi wa Oktoba 1939 Monroe alikwenda Nashville kujaribiwa katika Grand Ole Opry, kipindi cha Jumamosi usiku cha redio WSM, mali ya kampuni ya bima, ambayo mtambo wake wa wati 50,000 ulisikika usiku katika sehemu kubwa ya Marekani. Wimbo uliompatia nafasi ni «Mule Skinner Blues» wa Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Lakini Monroe aliuendesha mbio na kuupandisha juu hata ukawa kama wimbo mwingine. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kutua kidogo, kwa sababu santuri za Rodgers huyo huyo zilifika pia katika nchi ya Wakipsigis, na Hugh Tracey alipopita Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kunasa sauti alikuta wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha, wamemfanya kiumbe nusu mtu, nusu mnyama wa porini. Sauti moja, basi, ilizaa blugrasi upande mmoja wa dunia na Chemirocha upande wa pili, wala wazazi wa hiki hawakuwa na habari ya kile.

Bendi ya Monroe iliitwa Blue Grass Boys, kwa taadhima ya Kentucky, jimbo linalojisifu kwa majani yake, na ni katika miaka ya 1950 tu ambapo watu walianza kuutumia ufupisho wa jina la bendi kuwa jina la muziki wenyewe. Umbo lake lilikamilika mwezi wa Desemba 1945, alipoingia Earl Scruggs, kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina, akamkuta humo Lester Flatt mwenye gitaa na sauti laini. Pamoja na Chubby Wise wa fidla na Howard Watts wa besi, walirekodi Chicago mwezi wa Septemba 1946 nyimbo ambazo hadi leo ndizo kipimo cha wahifadhi wote, kiasi kwamba mabishano mengi katika vyama vya blugrasi huishia kwa mtu kuuliza bendi ya mwaka 1946 ilifanyaje.

Inafaa kueleza kwa karibu jinsi muziki huu unavyofanya kazi, maana pasipo kujua hivyo haieleweki ni kitu gani hasa vyama vilikuwa vinakilinda. Blugrasi haina ngoma. Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini hujibu pigo la pili na la nne kwa mkato mkavu, nyuzi zikigongwa kwa nguvu na kunyamazishwa papo hapo kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto, hata sikio likadhani kuna mtu nyuma ya pazia anayegonga kigoma. Mandolini aliyoishika Monroe ilikuwa Gibson F-5 ya mwaka 1923, yenye sahihi ya fundi Lloyd Loar ndani ya tumbo lake, ambayo aliiona ikiuzwa katika duka la kinyozi huko Miami, akainunua kwa dola 150. Leo vyombo vya daraja hiyo huuzwa kwa thamani ya nyumba. Mpiga banjo huvaa kucha za bandia tatu, ya gumba ya plastiki na mbili za chuma za kidole cha shahada na cha kati, na vidole hivyo vitatu hufuatana kwa zamu bila kukoma, hata wimbo wenyewe ukawa umefichwa ndani ya mvua ya noti na msikilizaji akautambua kwa lafudhi tu. Mtindo wa vidole vitatu ulikuwapo North Carolina kabla ya Scruggs. Alichofanya yeye ni kuusawazisha na kuupa kasi ambayo hakuna aliyeidhania. Juu ya yote hayo kuna waimbaji, wawili, watatu au wanne, sauti ya juu kabisa ikipanda karibu na ukelele, wote wamezunguka kipaza sauti kimoja, ambacho kila mwenye zamu hukisogelea na chombo chake kisha akarudi nyuma kumpisha mwenzake, bila shingo ya gitaa kumgonga mtu jicho.

Banjo yenyewe si ya milimani. Ni mtoto wa Afrika, na watu waliotiwa utumwani ndio walioivusha, ikiwa buyu lililowambwa ngozi na kutiwa mkono wa mti. Daktari Hans Sloane aliona vyombo vya namna hiyo kwa watumwa wa Jamaica katika miaka ya 1680, na akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, yenye uzi mfupi wa kupigwa kwa gumba, ni ndugu ambaye mtu hahitaji kuoneshwa cheti cha nasaba yake. Wazungu waliipokea kwa wingi katika karne ya 19 kwa njia isiyo ya heshima, katika maonesho ambamo walijipaka masizi usoni wakiwaigiza watu weusi kwa kejeli, na kutoka huko ikapanda milimani. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo aliyekulia katika blugrasi na kuipeleka mbali, alikuja kuitafuta asili hiyo, akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akapiga pamoja na Anania Ngoliga, fundi wetu wa ilimba, na filamu ya safari ile ikapewa jina litokanalo na Bagamoyo. Jina lile lina uchungu wake na halikosi adabu. Lakini kwa haki ya tarehe yafaa isemwe kwamba waliopakiwa majahazini Bagamoyo aghalabu walikwenda Unguja na Arabuni, na banjo ilitoka upande ule mwingine wa bara letu.

Turudi Nashville. Flatt na Scruggs waliondoka mwaka 1948 wakaunda bendi yao. Ndugu wawili wa Virginia, Carter na Ralph Stanley, wakaiga mtindo kwa ustadi uliomkera Monroe, na kwa muda ikawa kama kwamba biashara itakuwa kubwa. Kisha, mwezi wa Julai 1954, kijana wa Memphis aitwaye Elvis Presley alirekodi «Blue Moon of Kentucky» ya Monroe kwa mwendo wa rock, ikawekwa upande wa pili wa santuri yake ya kwanza, na katika miaka miwili soko lote likageuka. Magitaa ya umeme yalifukuza banjo. Watayarishaji wa Nashville walitaka vinanda laini na makundi ya waitikiaji. Bendi za blugrasi zikabaki na viwanja vya vijijini, vituo vidogo vya redio na watoro wa umaskini wa milimani waliokwenda kufanya kazi katika viwanda vya Ohio, Detroit na Baltimore, ambao Jumamosi jioni walitaka kusikia kwao. Ilikuwa hadhira yenye mapenzi mengi na fedha kidogo.

Nusura ya kwanza ilitoka mahali ambapo hakuna mtu wa Rosine angepatazamia, yaani kwa wanafunzi wa miji ya kaskazini waliokuwa wakitafuta muziki wa asili. Mike Seeger alitayarisha santuri ya wapiga banjo wa vidole vitatu iliyotolewa na kampuni ya Folkways mwaka 1957. Ralph Rinzler aliandika makala juu ya Monroe mwaka 1963, kisha akawa meneja wake, akampeleka katika vyuo na matamasha ambako vijana walikaa kimya wakimsikiliza kwa heshima, jambo lililomshangaza mzee huyo aliyezoea kelele za viwanja vya maonesho. Mwaka 1965, mwanzoni mwa Septemba, Carlton Haney aliandaa katika shamba la farasi huko Fincastle, karibu na Roanoke, Virginia, tamasha la siku kadhaa la blugrasi tupu, na kilele chake kilikuwa kumpandisha Monroe jukwaani na kuwaita mmoja baada ya mwingine wanamuziki waliokuwa wamepita mikononi mwake, kwa kufuata miaka, hata wasikilizaji wakaona tarehe nzima ya muziki ikisimama mbele yao. Waliohudhuria hawakuwa wengi, na faida ilikuwa haba. Lakini kila aliyehudhuria alirudi kwao na hoja: ikiwa Haney ameweza, kwa nini nasi tusiweze? Mwaka uliofuata waashiki wa eneo la Washington wakaanzisha kijarida Bluegrass Unlimited, karatasi chache zilizochapwa kwa mashine ya taipu, na mwaka 1967 Monroe mwenyewe akafungua tamasha la kila mwaka katika kiwanja chake cha Bean Blossom, Indiana.

Hapo ndipo vilipochipuka vyama. Msomaji wa Unguja asidhani kuwa chama cha blugrasi ni mfano wa Akhwani Safaa, chama cha taarabu chenye bendi yake, sare yake na siku yake ya kuonekana. Chama cha blugrasi kwa kawaida hakina bendi, bali ni jumuiya ya waashiki, ambao wengi wao wanapiga lakini hawalipwi, na kazi yao ni kuhakikisha kuwa bendi za watu wengine zinapata pa kupigia na kwamba watoto wao wanapata wa kuwafundisha. Nitachukua mfano wa California, jimbo ambalo kwa umbali wake na Kentucky lingeweza kusamehewa kama lisingejishughulisha. Wakulima waliofukuzwa na ukame na vumbi la miaka ya 1930 walilijaza kwa watu wa Oklahoma na Arkansas. Kutoka miongoni mwa watu wa Arkansas walitokea Vern Williams na Ray Park, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 waliimba kaskazini mwa jimbo hilo kwa ukali ambao vijana wa San Francisco walikuwa hawajapata kuusikia. Katikati ya miaka ya 1970 waliosikia hayo wakaunda California Bluegrass Association, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Carl Pagter, mwanasheria wa makampuni, ambaye pamoja na mwanachuoni Alan Dundes alikusanya kitabu cha mizaha inayonakiliwa na kupitishwa kwa siri maofisini. Mtu anayeweza kuona fasihi ya watu katika karatasi ya mzaha si ajabu akaona hazina katika banjo.

Chama hicho tangu mwaka 1976 hufanya tamasha lake katikati ya Juni, katika siku za kuadhimisha akina baba, katika mji wa Grass Valley, mji wa wachimba dhahabu wa zamani, kwenye uwanja wenye misunobari mirefu. Kazi za tamasha, tangu kukata tikiti langoni hata kuzoa taka, hutegemea wanachama wanaojitolea. Kina jarida lake, kina maktaba ya kuazimisha watoto vyombo, fidla ndogo na mandolini, ambavyo mtoto hurudisha akishakua au akishakata tamaa, na kina kawaida ya kuwapandisha watoto jukwaa lile lile wanalopanda mabingwa. Kwa maoni yangu ile maktaba ya vyombo ina thamani kuliko jukwaa, kwa sababu jukwaa hutoa mashabiki, na mashabiki huhama. Lakini mtoto aliyekaa na mandolini mwaka mzima, vidole vikaota sugu, ni vigumu kumtoa.

Tena wengi wanaofika Grass Valley na katika matamasha ya namna hiyo hawatoki kwenye mahema yao kwenda kumwangalia mtu. Hufika siku kadhaa kabla, huegesha magari yao chini ya miti, na usiku huunda duara. Duara hilo ndilo shule hasa ya blugrasi, na lina sheria ambazo hazikuandikwa lakini ole wake anayezivunja. Anayetoa wimbo hutangaza jina la wimbo na sauti utakayopigiwa, G au A au B. Huimba ubeti, kisha humwonesha kwa kichwa mtu wa kushoto au kulia kwake, na huyo hupiga zamu yake, hupokewa na wa pili, hata duara lizunguke. Wakati mmoja anapiga, wengine hupunguza sauti zao wamsikie, na asiyeweza kumsikia mwenzake huambiwa, kwa upole mara ya kwanza, kuwa amezidisha. Asiyetaka zamu hutikisa kichwa, wala haoni haya. Mwenye wimbo anapotaka kuufunga huinua mguu mmoja, na duara lote, watu ambao pengine hawajuani majina, hukoma katika pigo moja. Waziri na dereva wa lori hukaa hapo kwa daraja sawa, na wa juu ni yule ambaye mkono wake unajua kungoja. Mpiga banjo wa pili akitokea huvumiliwa. Wa tatu huanza kutazamwa.

Kwamba duara hilo linaweza kuhamishwa hata mbali na Kentucky lilithibitishwa mjini Prague, mwaka 1964, mwimbaji Mmarekani Pete Seeger alipokwenda huko na banjo yake ya nyuzi tano, ambayo vijana wa Kicheki walikuwa wameisikia tu kwa kuiba masafa ya redio ya majeshi ya Kimarekani yaliyokuwa Ujerumani. Kijana mmoja, Marko Čermák, aliunda banjo yake kwa kutazama picha zilizopigwa katika onesho lile, kisha akawa miongoni mwa wanabendi wa Greenhorns, ambayo baadaye, kwa shinikizo la utawala uliochukia majina ya Kiingereza, ililazimika kujiita Zelenáči. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wacheki walikuwa na tamasha lao la banjo, Wajapani nao wakawa na lao huko Takarazuka, na leo kuna mafundi wa Kicheki wanaotengeneza banjo zinazonunuliwa na Wamarekani wenyewe.

Haya yote ni sifa, na vyama vinastahili sifa. Walakini kuhifadhi ni kuchagua, na aliyechagua hakosi kuacha. Mwaka 1985 lilipoundwa shirika kuu la kimataifa la blugrasi, IBMA, lenye makao yake ya kwanza Owensboro, si mbali na Rosine, picha iliyokuwa vichwani mwa wahifadhi wengi ilikuwa ya wanaume watano weupe waliovaa kofia na tai, bendi ile ya mwaka 1946, na kila kitu kilipimwa kwa picha hiyo. Wanawake kama Hazel Dickens, binti wa familia ya wachimba makaa wa West Virginia, na Alice Gerrard, ambao mwaka 1965 walitoa santuri yao ya kwanza ya pamoja, walihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni jambo la pembeni. Na watu weusi, ambao bila wao pasingekuwapo banjo wala bluzi ya Monroe, hawakuhesabiwa kabisa. Wapenzi wengi walijua jina la Shultz kwa sababu Monroe alilitaja, wakaliacha kama tanbihi.

Kazi ya kulirejesha jina hilo mahali pake ilianzwa na watu wa nje ya vyama. Mwezi wa Aprili 2005 wapiga banjo weusi walikutana Boone, North Carolina, na kutokana na mkutano ule ikaundwa Carolina Chocolate Drops, vijana watatu waliokwenda kukaa miguuni pa Joe Thompson, mpiga fidla mweusi mzee wa Mebane, kujifunza kwake nyimbo ambazo nusura aondoke nazo. Mmoja wao, Rhiannon Giddens, mwaka 2017 alisimama mbele ya mkutano wa IBMA akawaeleza wahifadhi, kwa lugha ya adabu na ushahidi, ni nani waliosahauliwa katika nyumba waliyoilinda. Alisikilizwa. Mwaka 2020 wakfu wa shirika hilo ulianzisha mfuko wa kuwasaidia watu wasio weupe wanaojifunza na kupiga blugrasi, ukapewa jina la Arnold Shultz, miaka 89 baada ya kufa kwake.